Soma kadi, kagua mlangoni, nawisha kwa maji yanayotiririka: kuzuia magonjwa kwenye kituo cha kulelea watoto

Mzazi anapokuja kuandikisha mtoto, usimuulize kama mtoto amechanjwa. Atajibu ndiyo, tena kwa nia njema. Omba kadi ya kliniki, ifungue, usome tarehe moja baada ya nyingine ukilinganisha na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa ratiba ya Tanzania Bara, mtoto hupata BCG (chanjo ya kifua kikuu) na polio ya matone anapozaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupewa polio ya matone, chanjo ya nimonia, na penta, ambayo ni sindano moja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo). Chanjo ya rota ya kuzuia kuhara nayo huanza wiki ya 6, na polio ya sindano wiki ya 14. Surua-rubela hutolewa miezi 9, kisha mara ya pili miezi 18.

Hiyo ya miezi 18 ndiyo itakayokuwa tupu kwenye kadi nyingi. Mtoto keshatembea, mama karudi kazini, kliniki imebaki ya kupima uzito tu. Lakini katika watoto 100 waliochanjwa mara moja wakiwa na miezi 9, kama 15 hawapati kinga ya surua. Chumba cha watoto 20 kitakuwa na watatu wa namna hiyo, na hujui ni nani. Kuna sababu nyingine isiyo kosa la mzazi: chupa ya surua-rubela kwa kawaida ina dozi 10, na ikishachanganywa humwagwa baada ya saa 6. Ndiyo maana baadhi ya kliniki hungoja watoto wafike wengi, na mama huambiwa arudi siku nyingine. Kwa hiyo uliza zahanati ya jirani siku yao ya surua-rubela, uwaandikie wazazi waende siku hiyo.

Dozi iliyorukwa hairudishi mtoto mwanzo. Anaendelea alipoishia, akiacha angalau wiki 4 kati ya penta moja na nyingine. Mpe mzazi wiki 2 aipate. Chanjo hizi ni bure kwenye vituo vya serikali. Kadi ikipotea, arudi kliniki alikochanjiwa, rejesta ya pale ina kumbukumbu. Na usitumie kovu la BCG begani kama ushahidi, kwa kuwa wapo waliochanjwa wasiotoka kovu.

Nakili kwenye daftari la kituo jina, tarehe ya kuzaliwa, dozi ya mwisho na tarehe ya dozi inayofuata. Daftari hilo lipitiwe kila mwanzo wa mwezi, maana kadi iliyokuwa kamili Januari huenda ina pengo Juni.

Walezi nao wakaguliwe. BCG humkinga mtoto na kifua kikuu kikali, kile cha ubongo na cha kusambaa mwilini; haimzuii mtu mzima anayekohoa kumwambukiza. Mlezi, mpishi au mlinzi mwenye kikohozi cha wiki 2 apimwe makohozi kabla ya kurudi kwa watoto. Mlezi mjamzito asimshughulikie mtoto mwenye homa na vipele, kwani rubela huharibu mimba changa.

Ukaguzi wa asubuhi ufanyike mlangoni, mama akiwa bado yupo. Akishaondoka umeshampokea mgonjwa. Gusa paji la uso, tazama macho, mdomo, kichwa na mikono, uliza alivyopata choo usiku. Mwenye kuhara arudi saa 48 baada ya choo cha mwisho cha majimaji. Surua ni siku 4 tangu vipele vitoke, matubwitubwi siku 5 tangu mashavu yavimbe, tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke yawe magaga. Mwenye upele wa kuwasha anarudi siku moja baada ya kupakwa dawa, ila nyumba nzima ipakwe pamoja naye, la sivyo mtauona tena. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta peke yake, yanahitaji dawa ya kunywa kutoka kwa daktari. Mafua matupu bila homa si sababu ya kumrudisha mtoto. Ukifanya hivyo utafunga kituo.

Kosa linaloonekana kila mahali ni beseni moja la kunawia. Mtoto wa kwanza ananawa, wa kumi anapaka mikononi alichoacha wa kwanza. Tumia ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu, ambacho ni bora zaidi kwa sababu hakuna anayegusa koki kwa mkono mchafu. Sabuni iwepo, mikono isuguliwe sekunde 20 hadi kwenye kucha, kisha ikauke kwa hewa. Taulo la pamoja ni beseni lile lile kwa sura nyingine.

Nepi zibadilishwe mbali na jikoni, juu ya plastiki inayofutika. Nawa, vua, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, tupa kwenye ndoo yenye mfuniko, mvalishe, mnawishe na mtoto mikono, kisha futa plastiki na unawe tena. Anayebadilisha nepi asipakue uji siku hiyo.

Jiki ya asilimia 3.5 ichanganywe mililita 30 kwa lita 1 ya maji baridi kwa meza, vitasa, poti na midoli. Kwa damu, matapishi na kinyesi tumia kipimo 1 cha jiki kwa 6 vya maji. Soma chupa kwanza: ikiwa ni ya asilimia 5, vipimo ni mililita 20 kwa lita, na 1 kwa 9. Osha kwa sabuni kabla, maana uchafu huimaliza nguvu jiki. Iache dakika 10, kisha suuza vinavyoingia mdomoni. Changanya mpya kila asubuhi, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi; hutoa gesi inayochoma mapafu.

Midoli iliyolambwa iingie ndoo yake papo hapo. Magodoro yaachane mita 1, au watoto walale kichwa kwa miguu.

Watoto wawili wakiharisha siku moja, au mmoja akiwa na homa na vipele, piga simu zahanati au kwa afisa afya wa kata siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye mguu au mkono umelegea ghafla bila ajali huhesabiwa kama anayeshukiwa polio hata kama kadi yake imejaa: sampuli 2 za choo lazima zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu kulegea, kwa hiyo usisubiri mzazi aamue Jumatatu.