Ukiingia Gugong, mfuate malkia

Nimeishi Beijing miaka sita kwa masomo, na kila ndugu anayekuja kunitembelea nampeleka Gugong, kasri la kale la wafalme wa China. Wote hutaka kuona kiti cha enzi. Nawaambia tutakiona kwa kupita tu, leo tunamfuata malkia.

Tikiti ikate mtandaoni mapema kwa namba ya pasipoti, na usipange kwenda Jumatatu, panafungwa. Vaa viatu bapa. Kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni mita 961, na hapo bado hujageuka pembeni.

Ukifika Wumen, lango la kusini, simama. Lina mlango wa katikati, uliokuwa wa mfalme. Malkia aliupita mara moja tu, siku ya harusi yake, akiwa amebebwa kwenye machela. Mwonyeshe mgeni wako mlango huo vizuri, maana mtaukumbuka mkitoka.

Kumbi tatu kubwa za mbele zipite upesi. Zilikuwa za sherehe na mambo ya dola. Nyumbani kwa malkia ni nyuma ya lango la Qianqingmen, na huko tafuta jumba la Kunninggong. Malkia wa enzi ya Ming waliishi humo. Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, walipotawala, enzi ya Qing, sehemu kubwa ikawa ya matambiko, na upande wa mashariki ukawa chumba cha maharusi. Egemea kioo cha dirisha, ukinge macho kwa viganja, la sivyo utaona uso wako tu. Subiri kidogo. Utaanza kuona wekundu kila mahali, kisha kitanda, kisha pazia lililotariziwa watoto mia moja wanaocheza. Fungate ya hapo ilikuwa ya siku chache. Baadaye malkia alihamia nyumba nyingine ndani ya kasri. Shangazi yangu aliposikia hivyo alinyamaza, halafu akauliza, "Na mume je?" Mume alibaki kwake, na wakati wa chakula aliletewa sinia la vibao vyenye majina ya masuria, achague wa usiku ule.

Basi hapo ndipo pa kueleza ngazi za ukewenza. Kwa kanuni za Qing, chini ya malkia walikuwa huangguifei 1, guifei 2, fei 4 na pin 6, na chini yao wengine wasiowekewa idadi. Usimkaririshe mgeni. Mwambie tu kwamba malkia ndiye mke mkubwa, na watoto wa wenzake wote walimhesabu mama. Mwambie pia kwamba heshima hiyo iliweza kuondoka: mwaka 1765 malkia wa mfalme Qianlong, wa ukoo wa Nara, alikata nywele zake wakiwa safarini kusini. Kwa Wamanchu, kukata nywele kulikuwa kwa msiba, kwa hiyo lilihesabiwa kosa kubwa. Alifariki mwaka uliofuata, akazikwa bila heshima za malkia. Mimi humsimulia kila safari, sitaki asahaulike.

Sasa geukia kushoto, kwenye nyumba sita za magharibi, hadi Chuxiugong. Cixi aliingia kasri mwaka 1852 akiwa suria wa ngazi ya chini wa mfalme Xianfeng, na mwaka 1856 akamzaa mwana wa mfalme humo. Mumewe hakumfanya malkia. Mwaka 1861 mume alifariki, mtoto akarithi, na cheo cha malkia mama kikamjia kupitia mwanawe. Ukikuta ukumbi wa Yangxindian ni wazi, tazama nyuma ya kiti cha mfalme: pana pazia la njano. Nyuma yake waliketi Cixi na Ci'an, aliyekuwa malkia, wakiamua mambo ambayo mtoto aliyekaa mbele hakuyaelewa.

Tokea lango la kaskazini, Shenwumen. Wasichana walioletwa kuchaguliwa kuwa masuria waliingilia hapo, mlango wa nyuma.