Siku Moja Kwenye Maji Moto ya Milimani: Jinsi ya Kwenda, Kuoga na Kurudi Ukiwa na Nguvu

Mara ya kwanza nilipokwenda kuoga maji moto milimani nilikaa majini saa nzima bila kutoka. Nilikuwa nimelipa kiingilio, safari ilikuwa ndefu, na maji yalikuwa matamu. Jioni nilirudi kichwa kinagonga na miguu haina nguvu, nikadhani ni uchovu wa barabara. Tangu hapo nimepeleka ndugu na marafiki mara nyingi, na nimejifunza kwamba anayefaidi siku hiyo ni yule anayejua kutoka majini mapema, akapumzika vizuri, ndipo akarudi. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mapumziko hayo.

Hatua ya 1: Yajue maji unayoyaendea

Maji mengi ya moto ya milimani yalianza kama mvua au theluji. Hupenya kwenye miamba, yakashuka chini sana, na huko hupata joto, kwa sababu kwa kawaida joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoshuka. Yakikutana na ufa mkubwa hupanda haraka kabla hayajapoa. Njiani huwa yameyeyusha madini ya kila mwamba yaliopitia, ndiyo maana chemchemi mbili za safu moja ya milima zinaweza kuwa tofauti kabisa.

Tofauti hizo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kule Vals, Uswisi, maji hutoka yakiwa na nyuzi 30 hivi, ambayo ni uvuguvugu tu. Leukerbad, katika nchi hiyo hiyo, kuna chemchemi ya nyuzi 51, na lazima maji yapozwe kwanza ndipo mtu aingie. Kusatsu, Japani, maji yana asidi kali mno, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 2, na ukiwa na mchubuko utausikia. Nchini Ujerumani maji huhesabiwa kuwa ya joto yakitoka ardhini na nyuzi 20 tu. Kwa hiyo neno "maji moto" kwenye bango halikuambii la maana. Piga simu au soma maelezo yao, uulize mambo matatu: bwawa lenyewe lina nyuzi ngapi (siyo chemchemi, bwawa), maji yana madini gani, na kama pana mahali pa kukaa kivulini nje ya maji. Hilo la tatu watu hulisahau, nami ndilo ninaloliuliza kwanza.

Kipimo changu ni hiki. Bwawa la nyuzi 34 hadi 36 ni la kukaa kwa utulivu. La 37 na 38, dakika 15 hadi 20 kwa mzunguko mmoja, yaani kuingia mara moja na kutoka. La 39 na 40, dakika 10 zinatosha. Zaidi ya 40 siingii, wala simruhusu niliyekuja naye aingie.

Hatua ya 2: Amua nani aende na nani kwanza amwone daktari

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za presha wamuulize daktari wao kabla ya kupanga safari. Joto hutanua mishipa ya damu, na dawa nyingi za presha hufanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo vikikutana presha inaweza kushuka ghafla. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kuungua bila kuhisi, kwa hiyo yeye pia aulize. Mwenye homa, kuhara au kidonda kibichi aahirishe, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake watakaooga humo.

Watoto hupata joto haraka kuliko watu wazima na hawasemi mpaka wamezidiwa. Wabaki kwenye bwawa la uvuguvugu, kwa dakika chache, na mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Pombe isiguswe siku hiyo mpaka mmefika nyumbani.

Hatua ya 3: Panga saa kuanzia mwisho

Anza na saa unayotaka kuwa umefika nyumbani. Toa muda wa barabara. Kisha toa saa moja nzima kati ya kutoka majini mara ya mwisho na kuwasha gari. Saa hiyo ndiyo ngao yako. Mwili uliotoka kwenye maji moto hulegea na usingizi huja wenyewe, na barabara za milimani zina kona ambazo hazimsamehi dereva anayesinzia. Kama mko wengi, dereva awe mtu mmoja anayejulikana tangu asubuhi, na yeye aoge kidogo kuliko wengine.

Muda unaobaki hapo katikati ndio wa kuoga. Ukikuta umebaki saa mbili tu, bado ni siku njema. Ukikuta imebaki nusu saa, tafuta mahali pa karibu zaidi au lala huko huko.

Jitahidi kufika asubuhi. Watu huwa wachache, maji huwa hayajachafuka, na zaidi ya hayo, milimani radi na mvua hupenda kuja alasiri. Ngurumo ikisikika, toka majini hata kama jua bado linawaka, ingia ndani ya jengo au gari, usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 4: Funga mkoba

Nguo ya kuogea iwe ya zamani na ya rangi nzito. Madini ya chuma huacha doa la kutu, na salfa huacha harufu isiyotoka kirahisi. Pete, mkufu na hereni ziache nyumbani. Dada mmoja niliyekwenda naye aliingia na pete ya fedha, na tulipotoka ilikuwa nyeusi kama imepakwa masizi. Salfa iliyomo majini hushikana na fedha na kuigeuza rangi. Ilisafishika, lakini siku yake ilikwisha akiikagua pete.

Chukua taulo mbili, moja ya kujifuta kila unapotoka na nyingine kavu ya mwisho. Chukua ndala zenye soli inayoshika, sweta au koti, kofia, mafuta ya kuzuia jua, na mfuko wa plastiki wa nguo mbichi. Koti usilicheke hata kama mnaondoka kwenye joto. Joto la hewa hushuka kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, wakati miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kimo hicho hicho. Huko juu unaweza kutetemeka na kuungua na jua saa ile ile.

Maji ya kunywa: lita moja na nusu kwa kila mtu, mbali na ya njiani. Anayevaa lenzi za macho abebe miwani, azivue lenzi kabla ya kuoga, kwani vijidudu vya majini hujificha chini yake na kuliharibu jicho.

Hatua ya 5: Ukifika, usikimbilie maji

Kaa nusu saa kwanza. Mwili umetoka kukaa garini, na kama mmepanda juu sana, zaidi ya mita 2,500, baadhi yenu mtahisi kichwa kizito au pumzi fupi. Mwenye hali hiyo asiingie mpaka ipite, na isipopita mshuke.

Kula kidogo, si kushiba wala si kubaki na njaa. Nenda haja. Kisha oga kwa sabuni na kujisuuza vizuri kabla ya kuingia bwawani. Mafuta ya mwilini na jasho lako wataoga wenzako, na mabwawa mengi ya maji ya madini hayatiwi dawa nyingi.

Kama chemchemi haina uzio wala msimamizi, tahadhari huongezeka mara dufu. Usilipime joto kwa mguu. Tumia kipimajoto ulichokifunga kwenye kamba, na usikanyage ukingo mweupe au wenye ukoko, kwani chini yake panaweza kuwa na maji yanayochemka. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua na maji ya chemchemi za huko. Maji ya Yellowstone huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya kimo, na ngozi huungua hata kwa maji yenye joto la chini sana kuliko hilo. Pakiwa na bango la kukataza, geuza.

Kuhusu harufu ya yai bovu: ikiwa hafifu na uko mahali pa wazi, ni gesi ya salfa na ni kawaida. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na kwenye vyumba visivyo na madirisha, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Kama harufu ilikuwa kali kisha ikapotea ghafla ungali mahali pale pale, toka upesi na uwatoe wenzako.

Hatua ya 6: Mzunguko wa kwanza

Ingia polepole, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha kifua. Mimi huhesabu pumzi kumi kwenye kila kituo. Kichwa kibaki nje. Kwenye maji ya uvuguvugu ya asili anaweza kuwamo ameba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Ni nadra sana kumdhuru mtu, lakini akimdhuru huua, na njia yake ni pua. Kumeza maji hayo hakumpitishi, ila kupiga mbizi na kurusha maji usoni kunaweza. Kwa hiyo usizamishe kichwa, na watoto wasirukeruke humo.

Ukishatulia, sikiliza mwili. Hewani jasho hukauka na kukupoza. Majini jasho halina pa kukaukia, hivyo joto linaingia na halitoki. Dalili ya kutoka huja kabla ya kizunguzungu: moyo unapiga mpaka unausikia masikioni, uso unawaka, au unajikuta unapumua kwa mdomo. Ukifika hapo dakika zako zimekwisha, hata kama saa inasema bado.

Kutoka ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kuingia. Ukiwa majini, uzito wa maji huibana miguu na kuisukuma damu kuelekea kifuani. Ukisimama ghafla mbano ule unaondoka, mishipa imetanuka kwa joto, na damu nyingi inateremka miguuni. Niliona hivyo kwa rafiki yangu mmoja. Alicheka, akasimama kwa mara moja ili apokee taulo, na macho yake yakaacha kuniangalia yakiwa bado wazi. Nilimshika kwapani kabla hajafika kwenye ngazi ya mawe. Tulimlaza, tukamwinua miguu juu ya begi, na baada ya dakika mbili akauliza taulo lake liko wapi.

Basi toka hivi: sogea mpaka kwenye ngazi, kaa juu ya ngazi huku miguu imo majini kwa dakika moja, kunja na kunyoosha vidole vya miguu, shika ukuta au reli, ndipo usimame. Ngazi zenye maji ya madini huota utelezi wa kijani, kwa hiyo kanyaga kwa nyayo nzima.

Hatua ya 7: Pumzika

Hapa ndipo siku yako ilipo. Jifute, vaa kitu kikavu, kaa au jilaze kivulini kwa dakika 20 hadi 30. Kunywa glasi mbili za maji kidogo kidogo. Utaona mapigo yanarudi taratibu, jasho linatoka kisha linakauka, na ule wepesi uliousafiria unafika sasa, ukiwa juu ya kiti. Wengi huukosa kwa kurudi majini mapema.

Usijirushe kwenye bwawa la baridi kama hujazoea. Baridi ya ghafla hubana mishipa iliyotanuka na kuupa moyo kazi ngumu. Kunawa mikono na miguu kwa maji baridi kunatosha.

Mizunguko mitatu ndiyo kikomo changu, na kila mmoja huwa mfupi kuliko uliotangulia: kwa mfano dakika 15, 10, kisha 8. Kama baada ya pumziko la pili hujisikii kurudi, usirudi.

Hatua ya 8: Kurudi na baada ya hapo

Baada ya mzunguko wa mwisho jisuuze kwa maji ya kawaida, hasa kama maji yalikuwa na asidi au salfa. Ngozi kavu ipake mafuta. Vaa mapema, kwa sababu mishipa ya damu iliyotanuka na upepo wa mlimani huleta kutetemeka haraka. Kula sasa, tena vizuri, na saa ile ya kusubiri mliyoiweka asubuhi muitumie mezani.

Ukifika nyumbani, loweka nguo ya kuogea kwenye maji baridi peke yake, usiichanganye na nyeupe, na uianike kivulini. Kunywa maji tena kabla ya kulala. Katika siku 12 zinazofuata, yeyote kati yenu akipata homa, kichwa kikali, kutapika au shingo kukakamaa, ambazo zinaweza kuwa dalili za ameba yule, aende hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza amwambie daktari kwamba alioga kwenye maji ya moto ya asili, na siku gani.