Namna ya kupima sonona kwa dodoso la PHQ-9
Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 yanayohusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani hali haikujitokeza kabisa, hadi 3, yaani ilijitokeza karibu kila siku. Msomee mhojiwa kila swali kama lilivyoandikwa, faraghani na bila haraka, kisha jumlisha alama: 10 au zaidi huashiria sonona ya wastani au kali, ingawa kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya mtaalamu. Swali la 9, linalogusa mawazo ya kujidhuru, lisisubiri hesabu. Jibu lolote linalozidi 0 lifuatiliwe papo hapo. Usingizi, unaoulizwa hapa mara moja tu, upimwe kwa PSQI, dodoso la ubora wa usingizi.