Kununua kipokezi cha RTK kwa upimaji wa ardhi: kijaribu kwanza juu ya bikoni

Zamani jozi ya vipokezi vya RTK, yaani vya kupimia ardhi kwa setilaiti kwa masahihisho ya papo hapo, ilikuwa mali ya ofisi kubwa au ya mradi wa wafadhili. Siku hizi hata mpima binafsi anaweza kuimudu, kwa kuwa chipu za masafa mawili, yaani zinazopokea masafa mawili ya redio kutoka setilaiti, kama ZED-F9P ya kampuni ya u-blox, iliyotangazwa 2018, zimeshusha gharama, na watengenezaji wa China wamejaa sokoni. Karibu kila muuzaji atakuonyesha maelezo yaleyale: kosa la milimita 8, na milimita 1 zaidi kwa kila kilomita. Takwimu hizo si za uongo, ila zinategemea mambo ambayo hayamo ndani ya boksi.

Uliza kwanza masahihisho yatatoka wapi. Simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa. RTK hufikia sentimita kwa sababu kipokezi kimoja, tunachokiita besi, hukaa juu ya alama inayojulikana na kukipelekea data kile kinachotembea, yaani rova. Kadiri rova inavyokwenda mbali ndivyo kosa linavyokua, na kwa hesabu ya muuzaji kilomita 10 ni milimita 18. Palipo na mtandao wa simu wa uhakika, masahihisho yanaweza kupita kwenye intaneti. Kama kazi zako ni za vijijini, chukua jozi yenye redio, na uulizie kibali cha masafa ya redio TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla ya kuiwasha. Anayechora ramani ya shamba tu anaweza kutosheka na huduma ya bure ya Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, iliyoanza Januari 2023, ambayo hutoa usahihi wa sentimita 20 hivi kwa kipokezi kinachoweza kuipokea. Kwa kupanda bikoni, yaani alama za kudumu za upimaji, haitoshi.

Usikubali kipokezi cha masafa mamoja, hata kikiwa rahisi kiasi gani. Sisi tuko karibu na ikweta, ambako ionosfia, tabaka la juu la angahewa, hutibuka sana, hasa jua likishazama, na masafa mawili ndiyo yanayowezesha kosa hilo kukokotolewa na kuondolewa. Hakikisha pia kinapokea mifumo ya setilaiti ya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwa pamoja, maana chini ya mwembe kila setilaiti ya ziada ni msaada.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwende kwenye bikoni mbili ambazo viwianishi vyake, yaani namba za mahali zilipo, unavyo. Weka besi juu ya moja, kapime ya pili, na usisome chochote mpaka kioo kionyeshe “FIXED”, yaani jibu limethibitika. “FLOAT” ni makadirio tu, na kosa lake laweza kufika nusu mita. Kisha zima rova, iwashe upya, upime tena baada ya saa moja, wakati setilaiti zimeshabadili nafasi. Majibu mawili yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, tafuta sababu kabla ya kutoa fedha. Ukuta au paa la bati lililo jirani huakisi mawimbi na kukupa “FIXED” ya uongo. Fito nayo ichunguzwe: ya mita 2 ikiinama kwa nyuzi 1 tu, ncha ya juu husogea sentimita 3.5, kwa hiyo kagua kwanza kiputo cha pimamaji kilicho kwenye fito yenyewe.

Makosa makubwa kuliko yote, hata hivyo, huingizwa kwa kidole kwenye kidhibiti, kifaa cha mkononi cha kuendeshea rova. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya ziko kwenye mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali setilaiti hutoa mfumo wa WGS 84, na tofauti yake ardhini ni takriban mita 300. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unavuka longitudo 36 na kuhama kanda ya UTM, yaani mgawanyo wa dunia kwa kanda za ramani, kutoka kanda 36 kwenda kanda 37. Urefu nao una mtego wake: ukisimama ufukweni Dar es Salaam, kipokezi kisicho na modeli ya jioidi, yaani ya usawa wa bahari, kitakuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari. Niliwahi kurudia kazi ya siku nzima kwa sababu niliandika urefu wa fito 1.8 badala ya 2.0; tangu hapo husoma namba hiyo kwa sauti mbele ya msaidizi wangu kabla ya nukta ya kwanza, na jioni hurudi kupima bikoni ileile ya asubuhi kabla ya kuiondoa besi.