Jinsi ya kuomba wimbo au programu yako iondolewe pale ilipopakiwa bila idhini

Mtu akipakia wimbo wako bila ruhusa, au akinakili msimbo wa programu yako na kuifuta leseni, unaweza kuomba nakala hiyo iondolewe bila kwenda mahakamani. Ombi hilo huitwa ilani ya kuondoa, na msingi wake ni kifungu cha 512 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilicholetwa na DMCA, sheria ya hakimiliki za kidijitali, mwaka 1998. Kifungu hicho huikinga kampuni inayoendesha jukwaa isibebeshwe makosa ya wateja wake, mradi ikipokea ilani iliyokamilika iondoe nakala upesi. Ilani yenye pengo haiilazimishi kampuni kitu, na ndiyo maana nyingi hurudishwa au kukaliwa kimya. Majukwaa mengi makubwa yako Marekani, kwa hiyo utaratibu huu hutumiwa na watu wa kila nchi. Si lazima kazi iwe imesajiliwa ili uutumie.

Kwanza, hakikisha haki ni yako

Hapa ndipo wengi hukwama. Wimbo mmoja una hakimiliki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi ya wimbo, na ya rekodi yenyewe. Kama uliikabidhi masta, yaani rekodi asili, kwa lebo, mwenye haki ya kulalamikia rekodi ni lebo, hata kama sauti ni yako. Soma mkataba kabla ya kugusa fomu. Na kama biti uliichukua kwa leseni isiyo ya kipekee, prodyuza anaweza kuwa amewapa wengine biti ileile. Anayeimba juu yake hajakuibia.

Programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, nayo ina mwenyewe. Leseni ni ruhusa yenye masharti. Aliyenakili msimbo wa leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, akabakiza tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni hana kosa, hata akiuza. Akivifuta, amevunja sharti. Kwenye GPL, leseni nyingine ya namna hiyo, kosa la kawaida ni kusambaza programu iliyo tayari kutumika bila kutoa msimbo wake. Lakini toleo la 3 la GPL linamrudishia haki mkosaji wa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu apokee taarifa yako. Kwa hiyo mwandikie kwanza. Mara nyingi mambo huishia hapo. Kumbuka pia kwamba mchangiaji wa mradi wenye watu wengi anaweza kudai sehemu aliyoiandika mwenyewe tu, isipokuwa wenzake wamemkabidhi haki zao.

Je, unataka iondolewe kweli?

Kwa anayekula kwa muziki, swali hili lina pesa ndani yake. Kwenye YouTube, mfumo wa Content ID hutambua rekodi yako na unaweza kukuelekezea mapato ya matangazo huku video ikibaki hewani. Haufunguliwi kila mtu, ila wasambazaji wengi wa muziki huweza kukuingiza. Ilani ya kuondoa hukata mapato hayo na kumpa aliyepakia onyo. Maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli yake. Shabiki aliyecheza wimbo wako kwenye video ya harusi, chukua mapato. Aliyepakia albamu nzima kwa jina lake, mwondoe. Usiingize Content ID wimbo uliojengwa kwa vipande vya sauti ambavyo kila mtu ana leseni navyo, maana mfumo utawadai wote waliovitumia, na lawama zitakurudia.

Kuandaa na kutuma

Piga picha za skrini zenye tarehe na anwani ya ukurasa kabla ya kutuma chochote, kwa sababu ushahidi utatoweka pamoja na nakala. Kisha tafuta fomu ya hakimiliki ya jukwaa. Kama hakuna, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ina orodha ya mawakala wa kupokea ilani, na kuitafuta ni bure. Tovuti isiyojibu ina kampuni inayoihifadhi, iandikie kampuni hiyo.

Ilani lazima iwe na mambo 6: sahihi yako (jina kamili lililochapwa hukubalika), kazi iliyonakiliwa, nakala na mahali ilipo, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa na mwenye haki, wakala wake wala sheria, na tamko kwamba taarifa ni sahihi na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, una mamlaka ya kumsemea mwenye haki.

Viungo ndivyo huharibu ilani nyingi. Toa kiungo cha kila video. Cha chaneli hakitoshi. Kwenye GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo, taja faili husika kama si hazina yote (mkusanyiko wa faili za mradi) iliyonakiliwa. Nakala ambazo watu wengine wamezichukua kutoka hazina hiyo haziondoki zenyewe, kwa hiyo ziorodheshe. GitHub pia huchapisha ilani hadharani baada ya kufuta taarifa binafsi, basi usimwage hasira humo.

Fikiria matumizi halali, yaani yasiyohitaji ruhusa yako, kabla ya kutia sahihi: uhakiki, dhihaka, nukuu fupi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Lenz, iliamua kuwa mlalamikaji lazima ayafikirie, na anayedanganya kwa kujua anaweza kulipishwa fidia. Angalia pia unalalamikia nini hasa. Oktoba 2020 chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, kiliitaka GitHub iondoe youtube-dl, programu huria ya kupakua video. Hoja haikuwa kwamba msimbo wake umenakiliwa, bali kwamba unakwepa vizuizi vya kiufundi, ambayo ni kanuni nyingine ya sheria, kifungu cha 1201. Novemba hiyohiyo GitHub iliirudisha. Chombo kinachoweza kunakili wimbo si nakala ya wimbo.

Ukipingwa

Aliyeondolewa anaweza kutuma ilani ya kupinga, akitaja kilichoondolewa, akiapa kuwa ni kosa au kuchanganywa, na akikubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Jukwaa litakutumia nakala, kisha litairudisha kazi kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa umeliarifu kuwa umefungua kesi. Hapo usajili unakuwa na maana: mwenye kazi ya Marekani hawezi kushtaki hadi Ofisi ya Hakimiliki iwe imelitolea uamuzi ombi lake la usajili, na kuwasilisha ombi tu hakutoshi, kama Mahakama ya Juu Kabisa ya huko ilivyosema mwaka 2019. Siku 14 ni chache kwa kazi hiyo. Kazi yenye uwezekano wa kugombaniwa isajiliwe kabla ya kutoka.