Jinsi ya kuichimbua historia na serikali ya kaunti ya mashambani Marekani, tuchukue Loving kule Texas

Kwanza sahau hii kaunti yetu ya Kenya yenye gavana na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), kule gavana ni wa jimbo zima, na Texas peke yake ina kaunti 254. Loving, sensa ya 2020 ilipata watu 64 tu, yaani basi moja la Mombasa wakibanana kidogo. Hata shule hakuna, watoto wanasomea mji wa Wink, ulio kaunti ya jirani.

Anza na jina. Oliver Loving alikuwa anaswaga ng'ombe masafa marefu, 1867 Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wakamjeruhi karibu na mto Pecos, akafia Fort Sumner.

Halafu miaka, na hapa ndo watu wanapotea. Kaunti ilikatwa ramani 1887, ikapata serikali 1893, ikavunjwa 1897 ikawekwa chini ya kaunti jirani ya Reeves, mafuta yakapatikana ndo ikasimama tena 1931. Kwa hivyo ukitafuta hati ya miaka ile ya katikati usipoteze mafuta ya gari kwenda Mentone, makao ya Loving, anzia mji wa Pecos, makao ya Reeves.

Ukifika Mentone ingia jengo la korti, la 1935, uliza karani wa kaunti. Vitabu vya ardhi vina faharasa mbili, ya waliouza na ya walionunua. Chukua jina la mwenye shamba wa sasa, mtafute kwa walionunua, uone nani alimuuzia, kisha huyo naye umtafute kwa walionunua, hivyo hivyo unarudi nyuma. Soma hati yenyewe mpaka mwisho maana unaweza kukuta udongo wa juu ni wa mtu mmoja na mafuta ya chini ni ya mwingine kabisa, kitu ambacho kwetu hakipo, madini ni ya serikali.

Serikali sasa. "Korti ya makamishna" isikutishe, hawafungi mtu, ni makamishna wanne kila mmoja na eneo lake, na jaji wa kaunti anaongoza kikao, wote wa kupigiwa kura, na huyo jaji wala si lazima awe wakili. Hapo ndo bajeti, barabara na kodi vinapitishwa. Ajenda inabandikwa siku chache kabla, isome, kisha omba kumbukumbu za vikao vya nyuma kwa karani yule yule. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, naye ni wa kura, na Loving ndiko Edna Reed Clayton Dewees alikuwa sherifu mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Texas, miaka ya 1940.

Na beba maji, kule ni jangwa.