Kabla kiangazi hakijaingia: nyumba yenye mtoto wa ukurutu

Kiangazi cha Bukavu hakipigi hodi. Mvua inakatika mwezi wa tano ukielekea mwisho, na wiki moja baadaye vumbi limeshakaa juu ya majani ya migomba kando ya barabara, asubuhi unaamka midomo imekauka. Sisi wakubwa tunapaka mafuta maisha yanaendelea. Mtoto mwenye ukurutu, ule ambao wengine wanauita pumu ya ngozi, yeye anapasuka: nyuma ya magoti, kwenye viwiko, mashavuni. Usiku anajikuna mpaka shuka linabaki na madoa ya damu. Kwa hiyo haya yafanye sasa, kabla. Mwezi wa saba utakuwa unakesha.

Ujue kwanza unahangaika na nini. Ukurutu hauambukizi, na si uchafu. Ngozi ya watoto hawa ni kama ukuta wa mbao wenye nyufa: maji ya ndani yanatoka, na vumbi, sabuni na manukato vinaingia. Mara nyingi unatembea ndani ya ukoo pamoja na pumu ya kifua na mafua yasiyoisha ya vumbi, kwa hiyo mama mkwe asikulaumu kwamba humwogeshi mtoto vizuri. Huenda hata unamwogesha kupita kiasi. Jambo lingine: vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwetu usitegemee wekundu. Inakuwa nyeusi zaidi, au ya kijivu, au ina rangi kama ya zambarau, na ukipitisha kidole unasikia vipele vidogo na ukavu. Ikishapoa inaacha mabaka meupe au meusi yanayokaa miezi. Mabaka hayo si ugonjwa uliobaki. Usiyasugue.

Kuoga: mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, dakika tano, zikizidi sana kumi. Nyavu ya kusugulia iweke mbali. Sabuni kidogo, isiyo na harufu, kwenye makwapa, matako na miguu tu, mwili wote hauihitaji. Sabuni kali za kuua vijidudu, zile zinazonukia kama hospitali, ni za mikono yako wewe. Mkaushe kwa kubonyeza taulo, usifute kama unafuta meza.

Halafu mafuta, hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukimwacha dakika kumi akikimbia uchi uani umepoteza kazi yote. Vazelini ya kawaida isiyo na manukato inatosha, haina haja ya kitu cha dola kumi. Mafuta mazito ya kopo yanashinda losheni ya majimaji. Na kiasi: madaktari wanashauri mtoto mdogo mwenye ukurutu atumie gramu 250 kwa wiki, na wakati mwingine zaidi. Kama kikopo cha gramu 50 kinakukalia mwezi mzima, humpaki mtoto, unamgusagusa. Nunua kopo kubwa kabla ya msimu. Chota kwa kijiko safi, si vidole, maana vidole vya nyumba nzima vikiingia mle, ndani ya wiki mbili unampaka mtoto uchafu wenu wote.

Mafuta ya karanga, hata kama bibi yake ndivyo alivyowalea nyote, yaache. Mwili unaweza kujifunza kukataa chakula kwa kupitia ngozi iliyopasuka. Karanga ziingie kwa mdomo, ndiyo njia yake. Mafuta ya zeituni nayo yana sifa kubwa kuliko kazi yake, yanalegeza ngozi kavu badala ya kuifunga.

Kitu kimoja kuhusu vazelini ambacho watu hawakiwazi: nguo na mashuka yaliyoloa mafuta hayo yanashika moto upesi sana, na kuyafua hakuyaondoi yote. Umeme unakatika, mshumaa uko juu ya kiti, mbabula, lile jiko la makaa, uko mlangoni. Basi mtoto aliyepakwa akae mbali na moto wa wazi. Na mbabula usiuingize chumbani usiku ati mtoto ana baridi. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu wakiwa usingizini, bila harufu wala kelele. Hata yasipoua, joto lile linakausha ngozi na moshi unaichokoza. Pikia nje, au penye upepo.

Blanketi za sufu na zile za manyoya ya plastiki zinawasha. Huna haja ya kuzitupa: shona kikwembe cha zamani cha pamba kilicholainika, blanketi likae juu yake, lisiguse ngozi. Godoro litoe juani kila wiki ulipigepige mtoto akiwa mbali. Usimvike nguo tatu za kulalia. Jasho linawasha sawa na vumbi.

Kufua ndiko tunakokosea kwa sababu ya maji. Bidoni ya maji imepanda mlima kichwani, hakuna anayetaka kusuuza mara mbili. Lakini unga wa sabuni uliobaki kwenye mshono wa suruali unakaa juu ya ngozi ya mtoto kutwa nzima. Nguo zake zifue peke yake, sabuni kidogo, suuza mara mbili, maji ya pili yamwagie choo au kiangazi mwagia lengalenga. Dawa ya kulainisha nguo na kuzinukiza, hapana. Nguo mpya, au ya mitumba, inafuliwa kabla ya kuvaliwa, hata kama ni ya sikukuu na ni jioni.

Kucha fupi. Kila Jumamosi.

Chakula: usianze kumkataza mayai, maziwa, karanga na samaki kwa kubahatisha. Nimeona mtoto aliyenyimwa vyote hivyo miezi minne kwa sababu jirani alisema, ukurutu ukabaki na miguu ikaanza kuvimba. Ukiona kitu kimoja kinamvimbisha midomo au kumtapisha kila akikila, huyo mpeleke kwa daktari. Wengine wape sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, wale. Kabla ya kula mpake vazelini kuzunguka mdomo ili nyanya na machungwa yasimchome.

Na krimu za soko. Ile inayoondoa ukurutu kwa siku tatu na kumwacha mtoto anang'aa, soma kwenye boksi lake: ukikuta klobetasoli, hiyo ni dawa kali mno, ndiyo hiyo hiyo watu wazima wanajichubulia. Kwenye shavu la mtoto inafanya ngozi nyembamba mpaka inakuwa kama karatasi, na ukiacha, ukurutu unarudi na ndugu zake. Dawa nyepesi ya hidrokortizoni aliyoandika daktari, kwa siku alizosema, usiiogope. Iogope ile isiyo na mwandishi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka 2024. Tarehe 14 mwezi wa nane Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpox, homa ya nyani, kuwa dharura ya dunia, na jimboni kwetu Kivu Kusini, ambako mji wa Kamituga ulikuwa unaugua tangu mwaka uliotangulia, kila mtu alikuwa anaangalia ngozi ya mwenzake. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Kiangazi kilikuwa kimemchosha, mashavu yamefunguka. Alhamisi asubuhi niliona chini ya sikio lake la kushoto vipele vya maji, vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, vimebanana kama punje za ulezi. Nikasema ukurutu umekasirika. Nikapaka ile dawa yake ya kawaida.

Jioni vilikuwa vimeshuka hadi kwenye taya. Ijumaa vilipasuka, kila kimoja kikaacha kishimo cha mviringo, kana kwamba mtu amembonyeza kwa ncha ya kalamu. Jambo lililopaswa kuniamsha ni hili: hakuwa anajikuna. Alikuwa analia akiguswa. Ukurutu unawasha, hii ilikuwa inauma. Mwili ukawa moto, uji akakataa.

Jirani wa parseli moja nasi alichungulia, akawaita watoto wake ndani, akafunga mlango. Nikasikia akisema kwa simu, "ni ile ya Kamituga." Nikaona aibu. Nikamfunika mtoto kikwembe, nikakaa naye ndani. Nilipoteza siku mbili kwa aibu hiyo, na katikati yake nilitoroka mara moja tu kwenda poste moja ndogo ya afya, ambako muuguzi alisema ni tetekuwanga, akanipa dawa ya homa. Jumapili jicho la kushoto lilikuwa limevimba halifunguki. Hapo ndipo baba yake alipoita pikipiki bila kuniuliza.

Hospitalini walitutenga kwanza, wakachukua majimaji ya vidonda kupima mpox, kama inavyotakiwa. Halafu daktari akainama na tochi ya simu yake, akatazama vile vishimo kwa muda, akauliza, "Mama, nyumbani nani ana kidonda mdomoni?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. Shangazi yake alikuwa ametoka Uvira wiki ile, akambusu mtoto kila mahali, na shangazi yake na mimi hatuelewani sana. Nikamtaja mara moja. Daktari akasikiliza, kisha akasema, "Na wewe?"

Mimi nilikuwa na kigaga pembeni ya mdomo. Vile vipele vya maji vinavyonitoka kila nikichoka au nikipata homa, tangu nikiwa msichana. Kilikuwa kimeshaanza kukauka. Nikamwambia, mimi simbusu mtoto mdomoni.

"Uji unaupimaje kama umepoa?"

Ninagusa kijiko kwa mdomo wangu. Kila kijiko. Kisha ninampa.

Alinieleza taratibu, bila kunigombeza, na ningependa angenigombeza. Ni kirusi cha herpesi. Watu wengi tunacho mwilini, kwa mkubwa kinatoa kidonda kidogo mdomoni na kwisha. Kwa mtoto ambaye ngozi yake imefunguka kwa ukurutu, kinaingia kwenye nyufa zote na kusambaa kwa siku chache, na kikifika jichoni kinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Walimwanzishia asikloviri, dawa ya kirusi hicho, kwenye mshipa siku ile ile, hawakusubiri majibu ya maabara. Tulilala pale siku saba. Majibu ya mpox yalirudi: hapana. Jicho lilipona. Chini ya sikio amebaki na vishimo viwili, ukimpaka mafuta unavisikia kwa kidole. Shangazi yake mpaka leo hajui kwamba nilimtaja.

Basi nyumbani kwangu sasa ni sheria, na wewe uiweke kabla ya vumbi na mafua kuanza kuwatoa watu vidonda mdomoni. Mwenye kidonda hambusu mtoto, awe babu, awe pasta, awe wewe. Hamgusi mdomo wake kisha akamshika uso mtoto. Mtoto ana kijiko chake na kikombe chake, havichanganywi na vya wengine. Uji unapozwa kwa kuweka bakuli ndani ya basini la maji ya baridi, na unapimwa kwa tone juu ya kifundo cha mkono. Mgeni akinuna, anune.

Na ukiona vipele vya maji vilivyobanana, vya ukubwa mmoja, vishimo vya mviringo, maumivu badala ya kuwasha, homa: unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimpake dawa ya ukurutu juu yake kama nilivyofanya. Ikiwa karibu na jicho hata usiku usisubiri. Majirani wakisema ni mpox, sawa, mpox nayo inataka hospitali, na mtoto mwenye ukurutu ikimpata inaweza kumlemea kuliko wengine. Kila njia inaelekea pale pale. Weka pembeni fedha ya pikipiki, kwenye bahasha, isiguswe kwa mambo ya soko. Usaha wa njano na ngozi ya moto iliyovimba navyo ni sababu ya kwenda, ingawa hapo ni vijidudu vingine na dawa nyingine.

Yapo mengine madogo. Mbwa na paka wasilale kitandani kwake. Ubani na udi, choma yeye akiwa nje. Rangi mpya ya ukuta isubiri mvua. Poda ya mtoto yenye harufu, rudisha kwa aliyekuletea au mpe mwingine kimya kimya. Na ukimbeba mgongoni asubuhi ya baridi, kumbuka shavu lake linasuguana na mgongo wako njia nzima kutoka nyumbani hadi soko la Kadutu. Weka kikwembe cha pamba katikati. Mimi nilikuwa na sweta ya sufu, ya kijani, nzuri sana. Nilimpa dada yangu.